Re: Nimeongeza adhabu, wachelewaji wanazidi
Salaam Mwalimu Mkuu. Nimekusoma: umeongeza adhabu ya kuchelewa mara mbili, na wachelewaji wamezidi badala ya kupungua. Mimi pia, shuleni kwangu, nilikwama hapo hapo.

Usiguse adhabu kwanza. Chukua daftari la mahudhurio la wiki 4, uorodheshe wachelewaji kwa siku na kwa darasa. Kwangu yalitokea majina yale yale, wengi wao dhaifu katika somo la kipindi cha kwanza. Adhabu ya kufagia uwanja ndiyo iliyokuwa ikiwanyima kipindi hicho. Wakirudi darasani hawaelewi kitu, wanaona aibu, kesho wanavuta miguu zaidi. Mzunguko ule nilikuwa nauzungusha mwenyewe. Iliniuma sana.

Niliihamishia adhabu mchana, kisha nikakaa na walimu wa zamu na wanafunzi 3, tukauchora mzunguko ubaoni. Mwanafunzi mmoja akaongeza mshale tuliousahau: lango likishafungwa, aliyechelewa dakika 5 huona afadhali asije kabisa.

Matokeo huchelewa, kwangu karibu nusu muhula. Ukibadili jambo jingine kabla ya hapo, hutajua kipi kilichosaidia. Tuletee hesabu za daftari tuzitazame pamoja.