Kuijua roho kwa kuionja: pa kuanzia ukiwa Dar

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mambo ya roho nayo yana sehemu ambayo kuambiwa hakutoshi. Mtu amehitimu madrasa au amepata kipaimara, sala zote anazijua, na bado hajui ukimya wake mwenyewe ukoje. Mwingine hana dini kabisa, lakini akisimama ufukweni alfajiri anahisi kitu ambacho hana jina lake. Ushauri huu ni kwa wote wawili. Haumwambii mtu aache imani yake wala aingie nyingine. Unamwambia apitie kwanza, achunguze, ndipo aseme.

Pa kuanzia ni kukaa kimya. Chagua saa kumi na moja na nusu alfajiri: adhana imeshapita, daladala hazijachanganya, joto halijapanda. Dar es Salaam saa ina uzito kuliko mahali, hasa kuanzia Desemba hadi Machi. Chumba cha bati kisicho na dari, ikifika saa mbili asubuhi, kitakachokushughulisha humo ni jasho tu. Tandika mkeka, kunja blanketi mpaka lifike unene wa vidole vinne, kisha kalia ukingo wake ili nyonga ziwe juu kuliko magoti. Magoti yakiwa juu, mgongo unapinda na dakika ya tano utakuwa unagombana na kiuno. Mwenye magoti mabovu atumie kiti cha plastiki, akae mbele bila kuegemea, nyayo zote mbili sakafuni. Feni iwe namba moja na isikupige usoni. Mbu wakizidi, kaa kitandani ndani ya neti, ila ongeza kitu kigumu chini yako, maana godoro hubonyea.

Wiki ya kwanza dakika kumi, ya pili kumi na tano, kisha ishirini, na ubaki hapo kwa miezi kadhaa. Tega kengele kwenye simu, zima data, igeuze kifudifudi. Pumua kwa pua, pumzi yako ya kawaida, na hesabu kila unapoitoa: moja mpaka kumi, kisha rudi moja. Utapotea. Utajikuta umefika kumi na saba, au unapiga hesabu za kodi ya nyumba. Rudi moja bila kujikaripia. Kule kushtuka kwamba ulikuwa umepotea ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo aliyeshtuka mara thelathini amefanya kazi kubwa, hata akiinuka anaona hakuna alichofanya.

Mguu ukifa ganzi, badili mkao, kuvumilia hakuna thawabu hapa. Usingizi ukija, fumbua macho nusu na utazame sakafu hatua moja mbele yako. Haya ni madogo. Kubwa ni pumzi za haraka. Zinasambaa video zinazofundisha kupumua kwa nguvu na kwa kasi mpaka vidole vinachomachoma, midomo inakuwa mizito na kichwa kinazunguka, halafu mtu anaambiwa nguvu imemshukia. Kilichotokea ni kwamba hewa ukaa imepungua kwenye damu, mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo imesinyaa, na neva zimekuwa rahisi kushtuka. Machozi na faraja vinavyokuja humo vinaweza kuwa vya kweli kabisa, hatubishi, lakini mtu ana haki ya kujua vimeletwa na nini. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo na mjamzito wasijaribu kabisa.

Jinamizi nalo limewayumbisha wengi. Unazinduka usiku, huwezi kusogeza hata kidole, kifua kizito, na una hakika kuna mtu amesimama chumbani. Tunapoota ndoto, ubongo hulegeza misuli tusirukeruke. Akili ikitangulia kuamka kabla misuli haijaachiwa, ndoto inaendelea macho yakiwa wazi. Linawapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali. Watu wenye bidii ya kiroho hukatisha usingizi ili wakeshe, jinamizi likaja, wakahitimisha kwamba wamevamiwa. Kabla ya hitimisho hilo, pata usingizi wa muda wa saa saba kila siku kwa wiki mbili uone kama linarudi.

Sasa tufike kwenye daftari, ambalo watu wengi huliruka, na kwetu ndilo linalotenganisha uchunguzi na ndoto za mchana. Nunua kaunta buku. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kilichotokea, kulia andika ulivyokielewa. Mfano, kushoto: “Mikono ilipata joto. Machozi yalitoka kama dakika mbili, sikuwa na huzuni. Harufu ya mafuta ya nazi. Bodaboda ilipopiga honi, vyote vikakatika.” Kulia: “Bibi marehemu alikuwa karibu.” Andika ndani ya dakika kumi baada ya kuinuka, kwa sababu ukichelewa, kumbukumbu huanza kupambwa, na yaliyo upande wa kulia yanahamia kushoto yenyewe. Usifute chochote. Baada ya mwezi soma upande wa kushoto peke yake, huku wa kulia umeufunika kwa karatasi. Utaona yanayojirudia: huenda machozi huja Jumatatu tu, au siku uliyolala njaa, au siku uliyozungumza na mama. Huenda pia lipo jambo linalojirudia bila sababu yoyote unayoweza kuitaja. Hilo lishike kwa heshima na usilipe jina upesi.

Kukaa ndani peke yake hakutoshi. Wafanyakazi wa katikati ya jiji wana Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Dakika kumi za mchana chini ya mti mmoja uleule, kila wiki, hufundisha mengi kuliko kuzunguka bustani nzima. Ufukwe wa Coco unafaa asubuhi za siku za kazi, jioni za wikendi hapana. Uliza wavuvi habari za maji. Siku za bamvu, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, alfajiri maji bado yako juu na hukupwa mnamo saa nne, jua likiwa kali. Siku mbili tatu baada ya nusu mwezi hukupwa alfajiri yenyewe, ingawa hayaendi mbali. Tembea polepole kiasi cha kuhisi kisigino, wayo, kisha vidole vikigusa mchanga. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, una kiingilio na ni mzuri kwa nusu siku ya ukimya. Nenda na mwenzako mkubaliane kutosemeshana, usiende peke yako.

Nyumbani kuna kazi yake. Katika nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja, mtu anayejifungia kila alfajiri huzua maneno. Sema mapema na kwa ufupi: “Shikamoo mama, asubuhi nakaa kimya kidogo, nikimaliza nachota maji.” Kisha uchote kweli. Usiwabishie wazee dini yao, na hitma au misa ya msiba usikose. Kukaa na waliofiwa ni mafunzo ambayo mkeka hautoi.

Atakayekuja na mafuta, maji au “kiwango cha juu” cha kulipia, muulize kitu gani utakipata ambacho huwezi kukichunguza mwenyewe bure. Akikukataza kuuliza wengine, ondoka. Akikwambia uache dawa za presha, sukari, VVU au kifafa, ondoka siku hiyohiyo.

Aliyepitia ukatili au ajali asifumbe macho mwanzoni, kwani gizani picha hurudi kwa nguvu. Afumbue, atazame kitu kimoja, dakika tano tu, mchana. Na mtu yeyote akipitisha usiku tatu bila usingizi na hajisikii kuchoka, au akasikia sauti zinazomwamuru, aache mazoezi yote aende hospitali. Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Ndugu waende naye, wasisubiri kwanza kujua ni pepo au ni ugonjwa.

Wanaotaka kwenda mbali zaidi wanaweza kutembelea hekalu la Wabudha lililoko Upanga. Kozi za siku kumi za ukimya kwa mfumo wa S. N. Goenka, mwalimu wa kutafakari, hazina ada, watu huchangia wakishamaliza, na siku huanza saa kumi alfajiri. Usianze na hizo. Kaa kwanza dakika ishirini kila siku kwa miezi sita, kisha jaribu siku moja nzima bila kuongea wala simu. Ikikuishia kwa hasira au kwa usingizi mtupu, rudia mwezi unaofuata kabla ya kuomba nafasi.