Kisigino kifike chini: maswali yenu kuhusu mguu unaorefushwa

Tangu nigusie habari ya antena, vile vyuma vya nje vinavyofungwa mguuni kurefusha mfupa, meseji hazijakatika, na karibu zote zinarudi palepale, kwenye kifundo cha mguu. Watu wanahesabu milimita za mfupa, eksirei zinatumwa kwa ndugu mpaka Dar, ila wayo unashuka kidogo kidogo na hakuna anayeuangalia, mpaka siku ya kuruhusiwa kukanyaga ndo mtu anakuta kisigino kinaning'inia. Maswali nimeyafupisha, majina nimeyatoa. Haya twende.

Habari ya kazi dokta. Mimi ni boda wa Igoma, nilipata ajali mguu ukaunga ukiwa mfupi sentimita 4, sasa nina antena ugokoni nazungusha nati mwenyewe nyumbani. Wiki ya tatu hii vidole vinaangalia chini, nikirudisha juu kigimbi kinavuta balaa. Ni kawaida au nimeshaharibu?

Kwanza mimi siyo dokta, ni mtu wa fiziotherapia, dokta wako ni yule aliyekufunga hivyo vyuma. Hujaharibu. Ni kawaida, ila siyo kawaida ya kuizoea, ni ya kupambana nayo kila siku.

Iko hivi. Mfupa wako umekatwa makusudi halafu kila ukizungusha nati unaachanishwa taratibu, kwa kawaida milimita 1 kwa siku, robo asubuhi, robo mchana, robo jioni, robo usiku, na kwenye ule mwanya mwili unajaza mfupa mpya. Ndo njia ya Ilizarov, yule daktari wa Kurgan kule Siberia aliyeianzisha miaka ya 1950, na kipimo hicho cha milimita moja mpaka leo bado ndo kinatumika. Sasa mfupa umekatwa lakini kigimbi hakijakatwa, kinavutwa tu. Msuli ule mkubwa unaanzia juu ya goti kwa nyuma, unashuka, unaishia kwenye ukano mnene unaoshika kisigino. Ugoko ukirefuka, msuli wenyewe unabaki na urefu wake uleule wa zamani, kwa hiyo unatafuta nafuu kwa kukivuta kisigino juu, na kisigino kikipanda vidole vinashuka. Misuli ya mbele inayoinua wayo ni midogo, haishindani na kigimbi hata siku moja. Ongeza na zile nyaya za antena zinazopita kwenye nyama kushika mfupa, ukichezesha mguu zinauma, basi mtu anaamua kutulia, na ukitulia ndo unakakamaa vizuri kabisa.

Fanya hivi. Kaa kwenye mkeka mgongo ukutani, goti limenyooka kabisa. Pitisha kanga au taulo chini ya wayo, pale kwenye nyama nene nyuma ya vidole, usipitishe katikati ya unyayo. Vuta ncha zote mbili sawasawa ili wayo usipinde kwenda ndani, vuta mpaka usikie kigimbi kimekaza lakini bado unaweza kuongea na mtu, halafu shikilia hapo sekunde 30 bila kudundadunda. Achia, rudia mara 5. Halafu kunja goti kidogo urudie tena, kwa sababu kuna msuli wa pili chini ya ule wa kwanza ambao haufiki gotini na ukinyoosha goti peke yake huupati vizuri. Asubuhi, mchana, jioni, kabla ya kulala, na katikati ya hapo kila ukikumbuka inua wayo mwenyewe juu chini juu chini, hata ukiwa unapiga stori kijiweni. Mara nyingi kwa nguvu ya wastani inashinda mara moja kwa nguvu za hasira, hilo ndo nawaambia watu wangu wote mpaka wananichoka.

Kujipima tumia boksi gumu, hata la sabuni. Goti limenyooka, boksi lisimamishwe wima kwenye unyayo. Kisigino na ile nyama ya nyuma ya vidole vyote vinagusa boksi? Uko salama. Kama kisigino kimerudi nyuma na mwanga unapita, piga picha kwa pembeni na utume hospitali siku hiyohiyo usisubiri kliniki. Wao wanaweza kupunguza kasi iwe robo tatu au nusu milimita kwa siku, kusimamisha siku kadhaa, au kuongeza chuma kishike na wayo kabisa. Ila usijipunguzie mwenyewe kimyakimya, mfupa ukienda polepole kupita kiasi unaweza kuunga kabla urefu haujatimia na ukarudi tena tiata kupasuliwa.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka 11, tuko Sengerema, amefungwa vyuma ugokoni. Bibi yake anamwekea mto chini ya goti ndo analala vizuri, bila hivyo analia. Kuna shida?

Marahaba mama. Shida ipo na ni kubwa kuliko inavyoonekana, na bibi mwambie kwa upole maana nia yake ni njema. Mto chini ya goti unalikunja goti, goti likikunjwa kigimbi kinalegea, mtoto anasikia raha, na kwa masaa yote ya usiku msuli unajifunza kukaa mfupi. Mazoezi yote mliyofanya mchana yameliwa na huo mto. Na goti lenyewe nalo linaweza kugoma kunyooka.

Mguu ulale umenyooka, wayo usimame wima. Kama hospitali wamempa kile kiatu cha plastiki cha kushika wayo, au kibao kilichofungwa kwenye vyuma, kivaliwe usiku kucha, siyo kuning'inizwa mlangoni. Blanketi zito lisikandamize vidole, liegemee kwenye vyuma au weka boksi miguuni litengeneze kijumba. Kila asubuhi angalia nyuma ya kisigino kama kuna wekundu au malengelenge, vile viatu vinachubua. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa apewe kama nusu saa kabla ya mazoezi, lakini diklofenaki au ibuprofeni ya dukani msimpe bila kuuliza, madaktari wengi wa mifupa wanazikwepa kipindi hiki kwa sababu zinaweza kuchelewesha mfupa mpya.

Na kliniki msiruke. Tangu daraja la Kigongo–Busisi la kuja Mwanza lifunguliwe 2025 habari ya foleni ya kivuko haipo tena.

Kaka mimi nimerefushwa paja siyo ugoko. Haya mambo ya kifundo yananihusu?

Kidogo. Vita yako kubwa ni goti, hilo likunje na kulinyoosha kwa ratiba waliyokupa. Ila kigimbi kinaanzia juu ya goti kwa hiyo na wewe kanga ya asubuhi na jioni isikupite.

Mjomba anasema Kisesa kuna mzee mkandaji hodari, ananyoosha mguu kwa maji ya moto na mafuta, siku moja tu wayo unarudi. Nimpeleke mdogo wangu? Bado ana antena.

Hapana. Nawaheshimu wakandaji, kuna migongo wameisaidia, lakini hapa hapana. Kwenye ule mwanya wa mfupa kuna kitu laini bado, mtu akisukuma wayo kwa nguvu zake zote anaweza kupinda mfupa mpya au kulegeza nyaya. Maji ya moto na mafuta yakiingia kwenye matundu ya nyaya ni kukaribisha usaha. Na kuna la tatu watu hawalijui: mtu aliyelala muda mrefu na mguu umefanyiwa upasuaji anaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya kigimbi. Kikivimba ghafla, kina joto na kinauma ukikigusa, hakikandwi, kinapelekwa hospitali. Akianza kubanwa kifua au kukosa pumzi hapo ni emajensi, mkimbizeni usiku huohuo.

Siwezi kuinua kidole gumba cha mguu na juu ya wayo kuna ganzi. Niongeze kuvuta kanga?

Acha kanga kwanza, jibu hili. Mtu mwingine akiuinua wayo wako kwa mkono unapanda? Kama haupandi hata kwa mkono, ni kukakamaa. Kama kwa mkono unapanda vizuri ila wewe mwenyewe huwezi kuuinua, na ganzi juu, basi mshipa wa fahamu unavutwa kuliko unavyoweza kuvumilia. Hiyo kanga haiitibu. Piga simu hospitali leo na usizungushe nati nyingine kabla hujaongea nao. Mishipa mingi inarudi ikiwahiwa, ikicheleweshwa hapo sasa.

Nakaa Bugarika juu kwenye mawe, ngazi kama zote, na choo chetu cha kuchuchumaa. Nitaishije?

Hili swali nimelipenda maana vitabu vya mazoezi vimeandikwa na watu wa nyumba za tambarare. Ngazi: kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza magongo na mguu mgonjwa. Kama una antena madaktari mara nyingi wanataka ukanyage mapema, uzito kidogo kidogo, inasaidia mfupa na kifundo. Kama umewekewa chuma cha kurefusha kilichoko ndani ya mfupa mara nyingi uzito unabaniwa, fuata walichokuandikia. Ukiwa umeruhusiwa, ukikanyaga anza na kisigino, usijizoeshe kutembelea vidole, hiyo tabia ikishaingia kuitoa ni kazi.

Mteremko wa Bugarika unadai kifundo kikunje kuliko barabara ya lami. Kutembea tambarare kunahitaji kama digrii 10 za wayo kupanda juu, mlima unataka zaidi, kuchuchumaa ndo usiseme. Kwa hiyo choo tafuta fundi akutobolee kiti cha mbao, siyo aibu. Na kama kuna ndugu tambarare, Nyegezi au Buhongwa huko, ningehamia kwake miezi ya mwanzo bila kuona haya.

Mimi mvuvi wa Mwaloni. Maji yanabeba mwili, si niingie ziwani nichezeshe mguu humo?

Wazo zuri, maji mabaya. Matundu ya nyaya ni milango, na ziwa letu lina kichocho na mambo mengine, hata mtu mwenye ngozi nzima anachukua. Subiri vyuma vitoke na vidonda vifunge kabisa, halafu tafuta bwawa safi ufanye humo.

Nina miaka 23, sina ugonjwa, nataka tu kuongeza inchi 4. Nimeona video jamaa anatembea fresh.

Inchi 4 ni sentimita 10. Kwa milimita moja kwa siku ni siku 100 za kuvuta tu, halafu mfupa ukomae, kwa hesabu ya kawaida mwezi au zaidi kwa kila sentimita. Ugoko ukivuka kama sentimita 5 kwa mkupuo mmoja kifundo kinaanza kudai deni lake kweli kweli. Video haijakuonesha kisigino, mwambie huyo jamaa avue viatu achuchumae. Mimi nisingefanya.

Vyuma vimetolewa miezi minne sasa, kisigino bado hakigusi chini, natembelea vidole. Nimechelewa?

Hujachelewa ila kanga peke yake pengine haitoshi tena. Rudi ukapimwe. Kuna plasta ngumu, kama zile za mguu uliovunjika, za kubadilishwa kila wiki au mbili, kila mara wayo unapandishwa kidogo, na zikishindikana kuna upasuaji wa kurefusha ukano wa kisigino, ambao siyo mkubwa ukilinganisha na ulikotoka. Wakati unasubiri, weka kisoli ndani ya kiatu chini ya kisigino ili goti na kiuno visiumie, na jioni ukivua usiache mazoezi. Kama wayo unafika wima lakini hauzidi hapo, uko karibu, simama mbele ya ukuta mguu huo nyuma, goti limenyooka, kisigino kimekandamizwa sakafuni, vidole vinaangalia mbele siyo pembeni, egemea mbele taratibu. Wengi hapo wanageuza wayo nje wanadhani wamefanikiwa, kumbe wamekwepa.