Uko kwenye dawa ya pumu ya ngozi, mara vipele vipya hivi hapa

Kuna dada wa Nachingwea kanitumia meseji juzi usiku, ndefu hiyo, kwamba yuko kwenye matibabu ya pumu ya ngozi, krimu anapaka kama alivyoandikiwa, mikono ilishaanza kutulia, halafu ghafla vipele vingine vimemtoka shingoni na usoni, vinawasha mpaka analia, na mama mkwe ameshaanza maneno. Akamalizia, "dada mi naacha hii dawa, ndo inaniua." Nikamjibu kifupi maana nilikuwa nasimamia mzigo upakiwe, ila usingizi haukuja mapema, hayo maneno nayajua vizuri sana. Basi leo naandika yote, na wengine mlioniuliza mchukue humu humu.

Pumu ya ngozi, wengine wanaita ukurutu, ninayo toka mdogo. Nyuma ya magoti, kwenye viwiko, inatulia inarudi. Newala nilikokulia ilikuwa hivo hivo, nilipoolewa Mtwara mjini ikahamia viganjani. Mwenye ngozi hii anajua maisha yake, mtandio hata kwenye joto la Desemba, mikono mirefu, kwenye harusi wenzio wanapakwa piko wewe unasema hupendi.

Sasa najua wewe unayesoma hapa unataka kujitegemea kama mimi, hukuzaliwa kukaa tu. Mimi niliona wazi korosho ghafi ukiipeleka chama cha msingi unasubiri mnada, bei wanapanga wengine, hela inakuja inapotaka. Nikaamua nabangua mwenyewe. Nachoma nyuma ya nyumba, nabangua, napaki, nauza stendi kwa wasafiri wa Dar. Watu walicheka. Hao hao leo wananiulizia mzigo.

Msimu huo huo ndo vikaanza. Mwanzo katikati ya vidole, vipele vidogo vyenye maji, vikapanda mikononi, mara shingo, mara kope za macho zimevimba asubuhi siwezi kufungua jicho vizuri. Na wakati huo niko kwenye dawa! Napaka kila siku! Nikaongezewa krimu yenye nguvu zaidi. Kijana wa duka moja la dawa akanipa tyubu ya mchanganyiko, ile ya dawa tatu kwa pamoja, ikatuliza siku chache halafu vikarudi kwa hasira. Na kuna nesi mmoja, simtaji wala kituo chake sikitaji, aliniangalia kwa mbali akaniuliza kwa sauti mbele ya foleni nzima, "mama wewe umeshapima?" Nilikuwa nimepima. Sina. Na hata ningekuwa nacho, hivo ndo anavoulizwa mtu? Mpaka leo nikipita ile barabara roho inanichoma. Nyumbani nako wifi anasema nimetupiwa kitu kwa sababu ya biashara, shangazi anasema nikaoge maji ya mizizi, kila mtu daktari.

Aliyenisaidia ni dokta mmoja mzee, mpole, ambaye hata tyubu zangu hakuanza nazo. Alinishika mkono wa kulia akaugeuza, akaangalia kidole gumba na cha shahada, pale pembeni ya kucha palikuwa na weusi ule usiotoka hata ukisugua na jiwe, ngozi imekuwa ngumu inabanduka kama gamba. Akaniuliza, "Mama, unabangua korosho?" Nikamwambia ndiyo dokta. "Na embe je, ukila na ganda mdomo unakuwasha?" Nikabaki nimeduwaa, kila msimu wa embe pembeni ya mdomo kunaniwasha na sijawahi kumwambia mtu, niliona ni kitu cha kawaida.

Akanielewesha. Ganda la korosho lina mafuta makali, yakimgusa mtu yeyote yanaunguza, hilo kila mbanguaji wa kusini analijua. Lakini kwa baadhi yetu mwili unayachukia kabisa, unajenga mzio. Embe na korosho ni ukoo mmoja, ganda la embe lina kitu kinachofanana na hayo mafuta ndo maana mdomo. Na mzio wa aina hii hautokei hapo hapo. Unachukua siku moja, mbili, hata tatu. Mimi nabangua Jumamosi, vipele vinatoka Jumatatu, na Jumatatu asubuhi nimetoka kupaka krimu, kwahiyo nani anaonekana mchawi? Krimu! Kope za macho hazijagusa korosho ila mkono umegusa, halafu mkono ukagusa jicho. Na moshi wa kuchomea nao unabeba yale mafuta. Ngozi yenye pumu imepasuka pasuka, kila kitu kinapenya.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza: vipele vikitoka leo usiangalie ulichofanya leo, rudi nyuma siku mbili tatu. Andika. Kwenye simu, kwenye daftari la mtoto, popote, ila andika ulishika nini, ulipaka nini, ulikula nini na ganda. Piko ulipaka? Ile nyeusi ya kutoka dukani mara nyingi ina kemikali ya rangi ya nywele na inaunguza watu vibaya. Sabuni mpya yenye manukato? Kama ni Juni mpaka Agosti, watu wanapulizia salfa mikorosho na nguo zako zimeanikwa nje, ile salfa inawasha ngozi na macho. Andika tu.

La pili, usiache dawa kimya kimya. Kweli krimu yenyewe inaweza kukukataa, kuna watu wana mzio na manukato au vihifadhi vilivyomo, hata na dawa yenyewe. Lakini hilo linajulikana kwa kuangalia. Dokta alinifundisha kupaka kidogo sehemu moja tu ndani ya mkono penye ngozi nzima, mara mbili kwa siku kama wiki hivi, uone. Hii ni kwa krimu na losheni za kupaka tu, usije ukajaribu na piko au ganda la korosho ukasema mimi nilikutuma! Kipimo chenyewe cha hospitali wanakubandika vibandiko mgongoni siku mbili halafu wanasoma, ila kwa huku kwetu si rahisi kukipata. Ukirudi kliniki beba tyubu zote, hata ile ya aibu uliyopewa na jirani.

La tatu, si kila kipele ni pumu. Kama kinawasha zaidi usiku na watoto nao wanajikuna, huo huenda ni upele ule wa kuambukizana na mnatibiwa nyumba nzima. Kama ni duara na ukingo umeinuka huenda ni fangasi, na fangasi ukiipaka krimu ya steroidi, zile za kutuliza muwasho tunazopewa wenye pumu ya ngozi, inajificha kwanza halafu inasambaa. Midomo ikivimba, pumzi ikibana, au una homa na ngozi inabanduka na vidonda mdomoni, hiyo ni hospitali usiku huo huo, hakuna kusubiri kuche.

Mimi sasa hivi sibangui. Wadada ndo wanabangua, wamevaa glavu nzito, anayetaka anajipaka mafuta ya nyonyo kama wazee wetu, na kanga ya kazi haiingii chumbani. Mimi napaki na kuhesabu hela. Kuoga maji vuguvugu, mafuta ya mgando yasiyo na harufu ngozi ikiwa bado na unyevu, krimu ya dokta panapohitajika. Pumu bado ninayo, haijaenda popote, ila kope zangu safi na mzigo unafika Kariakoo.

Na nyie mnaokuja inbox na krimu za kung'arisha mnasema inatibu kila kitu, nitumieni kwanza picha ya kilichoandikwa nyuma ya kopo. Mpaka sasa hakuna hata mmoja aliyetuma.