Kupasuliwa kope na kujazwa mafuta usoni kwa mkupuo mmoja

Dada wa Ujiji, umeuliza kama unaweza kupasuliwa kope zilizolegea na kujazwa mafuta usoni siku moja. Inawezekana, kwa kuwa upasuaji wa kope huondoa ngozi iliyozidi lakini haujazi bonde lililo chini ya jicho, ambalo hujazwa kwa mafuta yanayonyonywa tumboni au pajani, na sehemu yake hufyonzwa na mwili baadaye. Nilipomuuguza mama mdogo baada ya kufanyiwa hivyo, uso wake ulivimba wiki 2, nikimpoza kwa kitambaa cha maji baridi. Ninachokihofia zaidi ni mafuta kuingia mshipani, jambo ambalo ni nadra lakini laweza kupofusha. Tafadhali usikubali kufanyiwa saluni. Anza kwa daktari wa macho, umweleze kuhusu presha, macho makavu na aspirini. Baada ya upasuaji, jicho likiuma sana au likififia, nenda hospitali saa ileile.