Turnitin imetoa 34, je nilipe mtu aishushe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho wa masta, mimi naishi Arua ila chuo kiko Kampala. Msimamizi wangu anataka tutoe makala kwenye tasnifu yangu tupeleke kwa jarida, na jarida linasema Turnitin, ile programu ya kupima maandishi yanayofanana na ya wengine, isizidi asilimia 15. Yangu imetoka 34. Kuna kijana pale Wandegeya anasema ataishusha mpaka chini ya 10 kwa laki moja na nusu, kwa siku mbili tu. Halafu fomu ya jarida inaomba majina ya wapitiaji watatu, wale wataalamu wa kuisoma makala kabla haijakubaliwa, na imeili zao, kijana anasema hao pia anao. Nikimlipa nitakuwa nimefanya kosa? Data ni yangu kabisa, sijaiba kwa mtu.

JIBU: Marahaba, na pole na presha. Swali hili nalipata karibu kila wiki, kinachobadilika ni namba tu, huyu 34 yule 41, juzi mmoja kanipigia saa tano usiku kwa ajili ya 22. Na kila mara kuna kijana. Kijana hakosi. Zamani alikuwa na kibanda cha kuchapa na kujalidi tasnifu, leo ana laptopu na namba ya mobile money.

Nikujibu kwa mkato kwanza: ndiyo, ukimlipa utakuwa umekosa, na kinachoniuma ni kwamba mpaka sasa inawezekana hujakosa kitu. Una data yako, umezunguka nayo mwenyewe kwenye jua la Arua, una 34 ambayo labda nusu yake ni takataka, halafu unatafuta pesa umpe mtu akuingize kwenye wizi ambao hukuwa nao.

Hebu tuiangalie hiyo 34. Turnitin haijui wizi ni nini, na wenyewe kampuni wanasema hivyo wazi, programu yao inatafuta maneno yanayofanana na maneno yaliyoko kwenye hazina yake, basi, kuamua kama kufanana huko ni kosa ni kazi ya mtu mwenye macho. Sisi walimu ndio tumeharibu hapa, nakubali, maana ni rahisi kubandika tangazo "isizidi 15" kuliko kukaa na mwanafunzi mnafungua ripoti ukurasa kwa ukurasa. Matokeo yake watu wanaiogopa namba kama presha ya damu, wanataka dawa ya kuishusha, hakuna anayeuliza ugonjwa uko wapi.

Mwaka jana nilikaa na binti mmoja ana 38, amekonda kwa mawazo. Tukafungua ripoti yenyewe, sio ule ukurasa wa juu. Tukaweka chujio la kutoa orodha ya marejeo na nukuu, ikashuka 24 hapo hapo, hatujagusa neno. Kisha tukaona pasenti 13 zinatoka kwenye chanzo kimoja, kubofya ni tasnifu yake mwenyewe ambayo chuo kiliiweka mtandaoni! Ikabaki 11. Kati ya hizo 8 zilikuwa vipande vipande, jina la wilaya, jina la wizara, ile sentensi ya ridhaa ya washiriki ambayo kila mtu anaiandika vile vile, maneno ya takwimu. Zikabaki 3. Hizo 3 zilikuwa aya moja kwenye utangulizi, mistari tisa, imebebwa nzima kutoka makala ya mtu mwingine, nukta na mkato vyote vilikuja navyo, na huyo mtu hakutajwa popote. Nikamwambia, mwanangu, zile 35 zilizokutoa usingizi hazikuwa na neno, hii ndogo ambayo hukuiona ndiyo ingekufukuzisha. Akaangalia ile aya muda mrefu, akasema ni maelezo aliyokopi mwaka wa kwanza kwenye faili la notisi akasahau kuandika yametoka wapi. Inatokea hivyo mara nyingi kuliko watu wanavyofikiria, wizi mwingi ninaouona unaanza na notisi chafu.

Na kinyume chake pia. Unaweza kuwa na pasenti 4 na kazi yote ni ya wizi. Chukua makala ya Kiingereza, itafsiri kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi, weka jina lako, namba inaweza kutoka karibu na sufuri na wewe ni mwizi kamili. Chukua hoja ya mtu na mpangilio wake na hata vyanzo alivyovitafuta yeye, badilisha maneno tu, mashine haioni kitu. Ujerumani 2011 waziri wa ulinzi Karl-Theodor zu Guttenberg alinyang'anywa udaktari na Chuo cha Bayreuth kisha akajiuzulu uwaziri, na aliyeanza kuibua mambo ni profesa mmoja wa sheria, kisha watu mtandaoni wakalinganisha ukurasa kwa ukurasa, huu mstari umetoka gazeti hili, huu umetoka kitabu kile. Miaka miwili baadaye Annette Schavan, aliyekuwa waziri wa elimu huko huko, naye akapoteza udaktari wake, wa mwaka 1980. Wakati anaandika hiyo kazi Turnitin ilikuwa haijazaliwa. Miaka zaidi ya 30 imepita, watu wakarudi wakasoma.

Sasa kijana wako anashushaje? Mimi nimeona kazi zake, au za wenzake, maana zinakuja kwenye meza yetu. Njia ya kwanza anamwaga maandishi yako kwenye programu ya kubadilisha maneno. Kila neno linapewa la karibu yake bila kujali maana. Mwaka 2021 watafiti watatu, Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov, walionyesha maneno ya namna hii yamejaa kwenye majarida, akili bandia imegeuzwa kitu kama "fahamu ya kughushi", saratani ya matiti imekuwa "hatari ya kifuani". Unacheka, lakini hayo yalichapishwa. Niliwahi kupewa makala moja kuipitia, inahusu vifo vya watoto wachanga, na kwenye matokeo nikakuta badala ya kiwango cha vifo imeandikwa "kasi ya marehemu". Nilifunga faili nikaenda kunywa chai. Mwandishi alikuwa muuguzi, data yake ilionekana nzuri kabisa, ameiharibu kwa kulipa mtu. Na sasa hivi kuna programu inayozunguka kutafuta maneno hayo hayo kwenye makala zilizokwisha kuchapishwa, kwa hiyo usidhani ukipita umepita.

Njia ya pili ni chafu zaidi: anaondoa herufi "a" zako anaweka "a" ya Kirusi, kwa macho ni ile ile ila kwa kompyuta ni herufi nyingine, au anaficha herufi nyeupe kati ya maneno. Turnitin inaziwekea alama siku hizi, na mhariri akiona alama hiyo mazungumzo yanabadilika kabisa, maana aya iliyosahauliwa chanzo unaweza kuielezea, herufi za Kirusi kwenye tasnifu ya Arua utazielezaje?

Halafu kuna hili ambalo hakuna anayewaambia. Ili aone namba imeshuka ngapi lazima apime, na anapima kwa akaunti ya chuo fulani alikoipata anakojua yeye. Akaunti nyingi zimewekwa zihifadhi kila kazi inayoingia. Kazi yako inalala huko kama kazi ya mwanafunzi wa chuo kingine. Siku chuo chako kinapima, inatoka 90 na kitu, chanzo: kazi ya mwanafunzi, chuo ambacho hujawahi kukanyaga. Nimekaa kwenye kikao cha kesi kama hiyo, mwanafunzi anaapa ni yake, na ilikuwa yake kweli, lakini ili ajitetee ilibidi aseme kwanza nani aliipeleka kule na kwa nini. Laki na nusu hiyo. Rolex, zile chapati za mayai, za mwezi mzima.

Nije kwa wapitiaji, maana hapo ndipo swali lako lilinitisha zaidi ya 34. Majarida yanaomba upendekeze majina kwa sababu mhariri hajui kila mtu kwenye fani yako, na wewe unawajua, umewasoma. Kijana "anao" maana yake ana imeili alizofungua mwenyewe kwa majina ya maprofesa wa kweli. Makala inatumwa kwa profesa fulani, inafika kwa kijana, anajisifia kazi aliyoigeuza geuza, anarudisha. Mtafiti mmoja wa mimea ya dawa Korea Kusini, Hyung-In Moon, alikamatwa 2012 kwa mchezo huu huu, mapitio yalikuwa yanarudi ndani ya saa 24 mhariri akashangaa, tangu lini wapitiaji wana haraka hivyo? 2014 kampuni ya SAGE ikafuta makala 60 za jarida moja kwa mkupuo baada ya kukuta mtandao wa wapitiaji hewa. Na 2023 Hindawi, kampuni ya majarida iliyokuwa imeshanunuliwa na Wiley, kampuni kubwa ya uchapishaji, ikafuta zaidi ya makala 8,000 ndani ya mwaka mmoja, mapitio yamechezewa, viwanda vya kuuza makala vimeingia ndani. Wiley wenyewe wakaamua jina la Hindawi liondoke. Sasa fikiria ndani ya hizo elfu nane wako watu wangapi waliokuwa na data yao safi kama wewe, walitaka tu mambo yaende haraka.

Makala ikifutwa haitoweki, hapo watu wanakosea. Inabaki pale pale na jina lako, juu yake limeandikwa neno la kufutwa, na kuna hifadhidata ya Retraction Watch inayoziorodhesha, mtu akitaka kukupa kazi au pesa ya utafiti anatafuta dakika mbili.

Mimi kusema kweli na hawa vijana sina hata hasira sana kama niliyo nayo kwa wakubwa wanaowatuma. Wapo wahadhiri wanaowaambia wanafunzi "muone fulani atakusaidia", wanapata kitu chao pembeni, na jina lao linaingia kwenye makala bila kuisoma. Mwongozo wa ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, unataka kila mwandishi awe amechangia kazi yenyewe kwa kiasi cha maana, ameandika au amerekebisha, ameikubali ya mwisho, na yuko tayari kuijibia ikiulizwa. Yote manne, sio uchague moja. Mwingine anauza namba ya kibali cha maadili, ati usihangaike na kamati ya maadili wala UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda, yeye anakuandikia. Namba hiyo mhariri akiiandikia kamati anajibiwa, na jibu likija "hatuijui" hakuna makala tena, kuna kesi. Wengine sasa hata maneno hawageuzi, wanaitupa yote ChatGPT, wakati COPE, ile kamati ya maadili ya uchapishaji inayofuatwa na wahariri wengi duniani, ilishasema tangu 2023 kwamba ukitumia akili bandia useme uliitumiaje na haiwezi kuwa mwandishi. Hata wapitiaji wenzangu wanafanya, anapewa makala ya mtu kwa siri anaipakia huko aletewe maoni, kazi ya mtu haijachapishwa! Nimeshagombana na rafiki yangu kwa hilo, mpaka leo tunasalimiana kwa mbali.

Haya, kazi yako. Mwombe msimamizi afungue ripoti mkiwa wote, weka machujio, angalia chanzo kimoja kimoja. Kama tasnifu yako ndiyo inajitokeza, mwandikie mhariri kwenye barua ya kuwasilisha kwamba makala imetoka kwenye tasnifu ya masta iliyoko kwenye hazina ya chuo, majarida mengi hayana shida na hilo ukilisema mapema, shida ni walikute wenyewe. Sehemu ya mbinu kufanana kidogo ni kawaida, utapimaje hemoglobini kwa maneno mapya kila siku. Ile utakayoikuta ni ya mtu, soma, funga, kaa hata siku nzima, andika ulichoelewa kwa maneno yako na umtaje. Hata ukiiandika upya vizuri bado umtaje. Itakuchukua kama wiki. Ikibaki 17 au 18 na kila kipande una maelezo yake, mwandikie mhariri umweleze, wahariri wa kweli wanasoma.

Wapitiaji watafute kwenye marejeo yako, watu unaowanukuu, imeili ya chuo chao uichukue kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Wasiwe wa chuo chako, wasiwe msimamizi wako wala mtu mliyeandika naye karibuni. Ukikosa watatu weka wawili, mwambie mhariri ni hao tu unaowajua.

Ila kuna jambo moja hukusema: hilo faili umeshamtumia huyo kijana au bado? Kama umeshatuma, mwambie msimamizi leo, kabla chuo hakijapima mara ya pili.