Kompyuta ya mezani imezeeka: uiongezee nguvu au ibadilishwe? Kwa mnaoanza ufundi

Nyie mnaoanza kazi ya ufundi wa kompyuta, swali mtakalokutana nalo sana ni hili: "fundi, mashine yangu imekuwa nzito, niiongezee kitu au ninunue nyingine tu?" Na mwenye mashine anataka jibu hapohapo hata hujaikalia. Usimpe. Jibu lolote kabla hujaiwasha na kuifungua ni kubahatisha, na unabahatisha na hela ya mtu.

Mi naanza hivi, naiwasha naiacha itulie, halafu namwambia mwenyewe akae afanye kazi zake kama kila siku, mi nimefungua Task Manager, lile dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinatumika kiasi gani, naangalia tu. Hapo ndo mashine inasema yenyewe. Ukiona diski imeganda kwenye asilimia 100 (yaani iko bize muda wote, si kwamba imejaa) huku prosesa iko 10 au 15 na mtu kafungua faili moja la hesabu, basi prosesa muiache, haina kosa, kinachomtesa ni ile hadidiski ya kuzunguka. Hadidiski ikisoma faili kubwa moja kwa mfululizo inafika kama MB 100 mpaka 200 kwa sekunde, si mbaya, ila Windows haisomi hivyo, inarukaruka kwenye vifaili vidogo vidogo maelfu na kile kichwa cha kusomea kinahama kila mara, ndo ule mkwaruzo unaousikia huku mtu anasubiri. SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka, ukichukua ya SATA (inayotumia waya uleule wa hadidiski) inakaribia 550 na haina kichwa cha kuhamahama, kwa hiyo kwenye vile vifaili vidogo ndo inaiacha hadidiski mbali kabisa. Mashine ya 2013 yenye Core i5 ya kizazi cha 4 ukiitoa kwenye hadidiski ukaiweka kwenye SSD, mwenyewe ataona kama si ileile.

Lakini msikimbilie hapo, maana diski kufika 100 kuna sababu zaidi ya moja. Angalia na RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi. Mtu ana GB 4 kafungua brauza yenye kurasa kibao, RAM ikijaa Windows inaanza kutumia diski kama RAM ya akiba, kwa hiyo unaona diski inalia kumbe njaa ni ya RAM. Na kuna diski inayokufa, nayo inakaa kwenye 100 vilevile ila inasoma kwa shida kabisa, kwa hiyo pima afya yake kwanza (programu ya CrystalDiskInfo inatosha) na kabla ya lolote chukua bakapu ya data za mtu. Hilo la bakapu nalisisitiza kuliko yote humu. SSD ikifa unanunua nyingine, picha za mtoto wa mtu hazinunuliwi.

RAM yenyewe ina mitego yake. Ukikuta Windows ya biti 32, hata uweke GB 16 haitatumia zaidi ya 4, na kwa kawaida hata hizo 4 hazifiki zote, mpaka upige Windows upya ya biti 64. RAM zina aina, DDR3 ya zamani haiingii kwenye soketi ya DDR4 iliyoifuata, zile pengo za chini zimekaa tofauti, ukiona inagoma usikandamize. Na soma mwongozo wa mazabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu, ujue mwisho wake ni GB ngapi, kuna mazabodi za zamani mwisho 8 au 16. Zikiwepo nafasi mbili ni bora vijiti viwili vinavyofanana kuliko kimoja kikubwa, vinasoma kwa pamoja.

Sasa kabla hata ya kununua hivyo vyote, fungua kasha. Piga vumbi, toa ile pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa uweke mpya. Prosesa ikifika nyuzi 90 na kitu inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mtu anadhani imechoka. Ukiwa humo ndani chukua tochi, mulika kapasita zilizo karibu na prosesa, zile pipa ndogo zilizosimama. Vichwa vyake vinatakiwa viwe bapa. Ukikuta kimoja kimevimba juu au kimetoa gamba la kahawia pale kwenye mikato, simama hapohapo, usiingize hela ya mtu kwenye hiyo mashine, mazabodi yake iko njiani kwenda. Mwambie ukweli, na data zitoke leo.

Mpaka hapo mambo ni mepesi. Ugumu unaanza mtu akihitaji prosesa yenye nguvu, maana prosesa mara nyingi haibadilishwi peke yake. Inataka soketi yake na mazabodi inayoitambua, na kufanana kwa soketi hakutoshi: Intel wa kizazi cha 6 na 7 na wale wa 8 na 9 wote ni LGA1151 lakini mazabodi za wale wa kwanza hazikutengenezwa kuwapokea wa pili. AMD wa AM4 ndo wamewatendea watu haki, soketi ya tangu 2016, na mazabodi nyingi za mwanzo ukiapdeti bayosi (programu ya ndani ya mazabodi yenyewe) zinapokea mpaka Ryzen 5000, mwenye nayo muongezee bila wasiwasi. Lakini mwenye mashine ya DDR3, kuhamia prosesa ya kizazi kipya maana yake mazabodi mpya, RAM mpya, mara nyingi na pawa saplai, yaani umenunua kompyuta nyingine ukaificha kwenye kasha la zamani. Na zile za kiofisi za Dell na HP hata kasha halikusaidii, nyingi mazabodi ina umbo lake na pawa saplai ina plagi zake zisizoingia kwingine. Mi nikifika kwenye mazabodi naacha kuongeza, namwambia mtu abadili.

Kadi ya grafiki nayo ni hivyohivyo, soketi ya PCIe inapochomekwa inatoa wati 75 tu, kadi inayotaka zaidi inahitaji waya zake toka pawa saplai, na kwenye yale makasha membamba waya hizo mara nyingi hamna na kadi ndefu haiingii.

Kuna la Windows pia. Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama cha kutunza funguo za siri) na prosesa ambayo kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8, kwa AMD ni Ryzen 2000, ukiacha chache. Kwa hiyo ile i5 ya kizazi cha 4 tuliyoifanya iruke kwa SSD haimo. Njia za kulazimisha zipo, ila mi siziweki kwa mtu anayeshika hesabu au taarifa za watu, maana Microsoft hawaahidi apdeti kwa mashine ya namna hiyo. Kama kazi yake ni brauza na barua pepe, Linux, mfumo mwingine wa bure unaokaa badala ya Windows, inamtosha vizuri tu na mashine inaishi miaka mingine. Kama anategemea programu ya Windows pekee, hapo anabadili.

Kwa anayesitasita mi namwambia anunue kwanza kile kitakachohama naye. SSD ya SATA leo itaingia kwenye mashine hii, kesho ataing'oa aiweke kwenye mpya. RAM ya DDR3 haihami kokote, kwa hiyo hiyo aongeze pale tu anapojua mashine anabaki nayo.

Na akiamua kubadili, ile diski ya zamani usiiache kwenye mashine inayouzwa au kugawiwa. Kufomati haraka hakufuti kitu, mtu mwingine anavirudisha. Ing'oe, hakikisha kila faili limeshafika kwenye mashine mpya na linafunguka, kisha mkabidhi mwenyewe diski yake mkononi.