Uliza Tujibu: Kula bata kwenye theluji ya mwisho wa msimu

Habari za kazi, wahariri. Sisi ni waongoza watalii sita, marafiki, kaka wanne na dada wawili. Masika ikishika kazi inapungua, na wageni wetu wametusimulia mno kuhusu sherehe za kufunga msimu wa skii (vile vibao vya kutelezea kwenye theluji) Ulaya: muziki juu ya mlima, jua kali, watu wamevaa mavazi ya vichekesho. Tunataka kwenda Aprili 2027, siku sita. Hakuna kati yetu aliyewahi kuvaa skii. Twende wapi, na tuanzie wapi?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Ndugu zetu, kalenda iko upande wenu. Mvua za masika zinapowaweka nyumbani ndipo vituo vya skii vya milima ya Alps vinapofunga msimu. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi, na wiki inayoizunguka ndiyo ghali. Lengeni Jumamosi 17 hadi Jumamosi 24 Aprili, kwa sababu nyumba nyingi za kupanga huko Ufaransa hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi. Likizo za shule za Ufaransa hupangwa kwa kanda na mara nyingi huangukia Aprili, kwa hiyo ziangalieni kabla ya kulipa. Wiki ya mwisho kabisa ya msimu ina pati kubwa zaidi, ila hapo lifti nyingine, yaani mitambo ya kupandishia watu mlimani, zimeshafungwa, maduka yanamalizia bidhaa, na shule za skii huenda hazina tena madarasa ya kikundi. Kwa watu wanaoanza, wiki moja au mbili kabla ya kufunga ndiyo yenye faida.

Mahali huchaguliwa kwa mwinuko kwanza, jina baadaye. Aprili kijiji kilicho chini ya mita 1,500 huwa na nyasi na matope, na theluji imebaki juu.

Val Thorens, Ufaransa, ndiyo tungewachagulia. Kijiji chenyewe kiko mita 2,300, msimu hufika mwanzoni mwa Mei, na viwanja vya kujifunzia viko karibu na mlango wa nyumba. Juu yake kuna La Folie Douce, baa ya mtelemkoni ambako dijei na wacheza show huanza baada ya chakula cha mchana na kumaliza pale lifti zinapokaribia kusimama.

Ischgl, Austria, ina jina kubwa zaidi kwa bata. Tamasha lake la kufunga msimu hufanyika Idalp, mita 2,320, saa saba mchana, na kiingilio chake ni pasi ya lifti ya siku hiyo. Kijiji kiko mita 1,377, kwa hiyo anayejifunza hupanda na kushuka kwa lifti kila siku. Si tatizo, mradi mlijue mapema.

St. Anton, pia Austria, tunaiheshimu lakini si ya kwenu mwaka huu. Miteremko yake inayoitwa myepesi ingehesabiwa ya kati kwingineko. Mwisho wa Aprili hufunga kwa mashindano ya Der Weiße Rausch: watu 555 wanaanza kwa pamoja saa kumi na moja jioni na kushuka kilomita 9. Kwa mgeni, hayo ni ya kutazama.

Mkisikia habari za Tomorrowland Winter kule Alpe d'Huez, ile hufanyika Machi, na huuzwa kwa vifurushi vya malazi na pasi pamoja. Ni safari nyingine.

Sasa saa. Watu wa Arusha tumezoea bata linaloanza saa sita usiku. Kule mtafika ukumbini mkute viti vimegeuzwa juu ya meza. Apreski, yaani sherehe ya baada ya kuteleza, huanza saa nane au tisa mchana, mkiwa bado na mabuti miguuni, na saa mbili usiku wengi wameshakwenda kula. Kumbi za usiku zipo, ila moyo wa shughuli ni alasiri.

Theluji nayo ina saa zake, na bahati nzuri zinapatana na za muziki. Usiku huganda. Saa tatu asubuhi ni ngumu kama sakafu, na anayejifunza akianguka anaumia. Kuanzia saa nne na nusu hivi jua linalainisha juu, na hapo hadi saa saba ndio muda wa dhahabu. Miteremko inayotazama mashariki hulainika kwanza, kisha ya kusini, halafu ya magharibi, na ya kaskazini hukawia. Ukiufuata mpangilio huo unapata theluji nzuri kwa saa mbili zaidi. Baada ya saa nane inakuwa uji mzito: skii zinanata, mwili unatangulia, goti linabaki nyuma likijipinda. Majeraha mengi ya magoti ya Aprili hutokea hivyo. Kwa hiyo chukueni masomo ya asubuhi, mle saa saba, kisha muwaachie wengine uji huo.

Dukani mkikodi skii, ombeni zipakwe nta ya theluji ya joto. Theluji yenye maji hunyonya sehemu ya chini ya skii, na nta ya baridi haisaidii. Mtaulizwa uzito, urefu, umri na uwezo. Semeni ukweli, hasa uzito na uwezo, maana vibano vinavyoshika buti hukazwa kwa hesabu hiyo. Anayejifanya fundi vibano vyake vitakazwa zaidi, na akianguka buti halitaachia. Buti huvaliwa na soksi moja nyembamba ndefu. Soksi mbili huleta mikunjo, mikunjo huleta malengelenge, na miguu inapata baridi kwa sababu damu imebanwa.

Fedha: pasi ya siku sita ya eneo kubwa ni kama euro 350 hadi 450. Msiinunue siku ya kwanza. Siku tatu za mwanzo nunueni pasi ya wanaojifunza, ambayo ni nafuu sana, kisha mpandishe daraja kama mmeiva. Skii, mabuti na fimbo kwa wiki ni euro 100 hadi 200, na helmeti huongezwa. Bia ya mlimani hufika euro 7 au zaidi, na hapo ndipo bajeti nyingi hufia.

Viza ndiyo itakayowaamulia. Maombi ya viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa na Austria zikiwemo, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45. Ombeni kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Ufaransa ina ubalozi Dar es Salaam. Austria haina, na ubalozi wake unaoihudumia Tanzania uko Nairobi, kwa hiyo wanaoipenda Ischgl wahakikishe kwanza alama za vidole watazitolea mji gani. Peleka maombi Januari, si Machi.

Kinachowaangusha waongoza watalii ni taarifa ya benki. Bahashishi za dola zinakaa droo ya nyumbani, kisha wiki moja kabla ya maombi mtu anaingiza milioni kumi kwa mkupuo. Afisa anaiona kama fedha ya kuazima. Anzeni sasa kuweka kila mnachopata baada ya kila safari, ili miezi sita ionyeshe mapato yanayopanda na kushuka kama kazi yenyewe ilivyo. Ambatanisheni barua ya kampuni inayosema likizo ni ya lini na kazi inarejea lini. Mwenye kampuni yake aweke leseni ya biashara, leseni ya TALA (ya biashara ya utalii) na vielelezo vya kodi. Maombi ya watalii waliokwisha kuweka nafasi na kampuni yako kwa Juni ni ushahidi mzuri kwamba utarudi.

Kutoka KIA mnaweza kupitia Amsterdam, Addis Ababa au Doha. Kwa Val Thorens shukeni Geneva, kisha basi kwa mwendo wa kama saa tatu. Kwa Ischgl shukeni Zurich, treni hadi Landeck-Zams, kisha basi. Ndege isiwasili jioni sana, kwani mabasi ya milimani hayangoji.

Mambo? Mimi ni mpagazi Moshi na nimealikwa na rafiki. Maduka ya vifaa vya Kilimanjaro hapa mjini yana kila kitu cha baridi. Nikodi kila kitu huku?
*Kijana wa Majengo, Moshi*

Poa, kaka. Si kila kitu. Koti la nje lisilopitisha maji, suruali ya mvua, glovu zisizopitisha maji, fulana ya ndani inayokausha jasho: hivyo vichukue. Pima kwanza dukani. Mwaga maji kidogo begani na kwenye goti, subiri dakika tano, kisha weka mkono upande wa ndani. Makoti mengi ya kukodi yamefuliwa kwa sabuni ya unga mara nyingi mno na hayazuii tena maji. Aprili theluji ni maji matupu, na utaikalia sana.

Koti nene la manyoya ya ndege, lile la usiku wa kileleni, liache. Mchana wa Aprili penye jua hufika nyuzi 8 au 10, na humo ndani utachemka. Sweta ya flisi moja yatosha. Soko la Memorial utazipata nyingi za mtumba.

Buti la kupandia mlima halishiki skii hata kidogo, la skii utakodi huko. Fimbo za kutembelea nazo hazifai. Na ukipewa fimbo za skii, siku za mwanzo usipitishe mkono kwenye kamba zake: ukiangukia mkono, fimbo huvuta kidole gumba na kuumiza kiungo chake.

Miwani usibane matumizi. Theluji hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua, hadi asilimia 80 ikiwa safi, na miale yenyewe huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda. Weusi wa ngozi haulindi macho. Ukishinda kwenye jua hilo bila miwani, usiku macho yanawasha kama yametiwa mchanga, na siku inayofuata huoni vizuri. Tafuta miwani ya daraja la 3, la 4 ikiwa utakaa juu ya mita 2,500. Losheni ya kukinga jua ya SPF 50 ipake hadi chini ya kidevu na matundu ya pua, kwa maana mwanga unatoka chini pia.

Wahariri, binti yangu wa miaka 24 ameniaga anakwenda huko kwenye theluji na wenzake. Naambiwa ni ulevi mtupu na milima inaporomoka. Nimruhusu?
*Mama, Machame*

Shikamoo mama. Ruhusa ni yako, sisi tutakupa maswali ya kumuuliza.

La kwanza: bima yake inasemaje? Viza inadai bima ya angalau euro 30,000, lakini bima hiyo ya kawaida inaweza isihusishe skii. Iandikwe wazi kwamba inalipia kuteleza na uokoaji mlimani. Helikopta moja hugharimu maelfu ya euro. Ufaransa huuza bima ya siku pamoja na pasi ya lifti, kama euro 3 au 4 kwa siku, achukue. Asome pia kifungu cha pombe, kwa maana kampuni nyingi hukataa kulipa kama aliyeumia alikuwa amelewa. Italia imeenda mbali zaidi: tangu 1 Januari 2022 ni kosa kuteleza ukiwa umelewa, na kila anayeteleza lazima awe na bima ya kumfidia atakayemuumiza.

La pili: atashukaje? Hatari ya apreski haiko kwenye kucheza, iko kwenye kuteremka baadaye, giza likiingia, theluji imeanza kuganda tena katika mashimo ya mchana. Afahamu saa ya lifti ya mwisho ya kushukia na aweke kengele dakika 40 kabla. Akichelewa, asiteremke kwa skii: aulize wafanyakazi wa baa njia ya miguu au gari la theluji. Ischgl ni marufuku kutembea kijijini na mabuti ya skii baada ya saa mbili usiku, na faini ipo, kwa hiyo viatu vya kawaida awe navyo kwenye begi.

Maporomoko ya theluji ni kweli huongezeka alasiri za Aprili, theluji inapolowa hadi chini. Njia zilizowekewa alama hukaguliwa na kufungwa hatari ikipanda. Asivuke kamba, hata kama nyayo za wengine zimevuka.

Na kama hanywi, mama, hatakosa kitu. Chokoleti ya moto inauzwa kila mahali, na muziki hauulizi uko na nini kwenye glasi. Anayekunywa ajue kwamba mwinuko na jua humkausha mtu upesi: glasi ya maji kwa kila glasi ya kileo.

Je, mwinuko wa huko utatuumiza?
*Msomaji, Sakina*

Si sana. Kitanda cha Val Thorens kiko chini ya kibanda cha Mandara cha Kilimanjaro, na lifti za juu hufika karibu mita 3,200, chini ya Horombo. Kichwa kidogo siku ya kwanza, usingizi mwepesi, basi. Siku hiyo punguzeni pombe.

Viza ya Ulaya imenishinda. Hakuna skii karibu na sisi? Kilimanjaro si ina theluji?
*Msomaji, Usa River*

Kilichobaki Kibo ni barafu yenye kuta wima, na theluji inayoanguka juu yake haikai. Hakuna lifti, na hadi ufike umeshatembea siku kadhaa.

Jibu lako ni Lesotho. Afriski iko kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000, na msimu wake ni Juni hadi Agosti, kwa hiyo mwisho wa msimu ni Agosti. Mtelemko mkuu ni kama kilomita moja tu, na theluji nyingi hutengenezwa kwa mashine, zinazohitaji usiku wa baridi kali. Kwa fundi ni padogo. Kwa anayeanza, anayetaka muziki na baa hatua chache kutoka mtelemkoni, panatosha siku tatu. Ruka hadi Johannesburg, kisha gari kwa mwendo wa kama saa nne na nusu hadi tano kupitia mpaka wa Caledonspoort na Butha-Buthe. Mtanzania huingia Afrika Kusini kwa matembezi mafupi bila viza, lakini utatoka na kuingia tena, kwa hiyo pasipoti iwe na kurasa tupu za kutosha. Mwenye gari la kukodi akupe barua ya ruhusa ya kuvuka mpaka. Vukeni mchana: barabara ya Moteng ina kona kali, na Agosti jioni lami hushika barafu.